Wavuvi Wengi, Vyombo Vingi: Somo la Majedwali Matatu

Jua lichwapo huko Kabonga, karibu na mpaka wa Burundi na Tanzania, vyombo huondoka na taa zake kwenda kuvua ndagala, ambao jirani zetu wa Kigoma huwaita dagaa. Mvuvi mmoja leo yumo katika chombo hiki, juma lijalo yumo katika kingine. Na kila chombo huchukua wavuvi kadhaa. Huu ndio uhusiano wa wengi kwa wengi.

Tuseme tumepewa kazi ya kutunga programu ya kompyuta ya kuandika habari hizo. Tutafanya klasi mbili, Mvuvi na Chombo. Klasi ni kama kalibu ya matofali: ni moja, lakini hutoa mengi. Ndani ya programu, kila Mvuvi atakuwa na orodha ya vyombo vyake, na kila Chombo orodha ya wavuvi wake. Mpaka hapa hakuna taabu.

Taabu huanza tunapotaka kuzihifadhi. Hifadhidata nyingi hufuata mafundisho ya Edgar Codd ya mwaka 1970: habari hukaa katika majedwali, na kila kisanduku huwa na jambo moja tu. Je, tuandike nambari ya chombo katika jedwali la wavuvi? Mvuvi akihama, ya zamani itafutika. Tuandike “3, 5, 8” katika kisanduku kimoja? Basi kutafuta kutakuwa kugumu, na makosa yatazidi.

Dawa yake ni jedwali la tatu, lenye nambari mbili tu katika kila mstari:

Mvuvi 7 – Chombo 3
Mvuvi 7 – Chombo 5
Mvuvi 9 – Chombo 3

Programu kama Hibernate, itumiwayo na lugha ya Java, huweza kulitunza jedwali hili yenyewe. Lakini sharti uieleze ni klasi ipi yenye kazi ya kuandika uhusiano. Ukibadili orodha ya upande usioandika peke yake, hakuna kitakachohifadhiwa. Kwa hiyo badili orodha zote mbili kila mara.

Sasa nauliza: tarehe ya usiku ule na fungu la mvuvi tuviandike wapi? Si katika Mvuvi, maana ana siku nyingi. Si katika Chombo, maana kina watu wengi. Ni mali ya kukutana kwao. Basi jedwali la tatu nalo tulipe klasi yake, tuiite Zamu: ina mvuvi, chombo, tarehe na fungu. Mvuvi mmoja ana zamu nyingi. Chombo kimoja kina zamu nyingi. Uhusiano mmoja mgumu umekuwa miwili myepesi. Tena tarehe iwe sehemu ya ufunguo wa jedwali, ama sivyo mvuvi 7 akirudi katika chombo 3 usiku wa pili, kompyuta itamkataa.

Labda utasema haya ni mambo madogo. Fikiri alfajiri moja baada ya tufani, chombo 3 hakijarudi, na jamaa wamesimama ufukweni. Orodha ya wavuvi wote waliopata kukitumia chombo hicho haitawasaidia. Wanataka kujua nani alikuwamo usiku ule, na Zamu peke yake ndiyo yenye jibu. Siku ya malipo pia, Zamu ndiyo shahidi wa mnyonge.

Na onyo la mwisho: chombo kikivunjika, usiiamuru kompyuta ikifute pamoja na zamu zake, sembuse na wavuvi! Andika tu kwamba hakitumiki tena.

Zoezi: Mwanafunzi mmoja husoma masomo mengi, na somo moja lina wanafunzi wengi. Je, alama za mtihani ziandikwe wapi? Atakayejibu, “Katika jedwali la wanafunzi,” na aanze tena kusoma toka juu.