Dondoo muhimu: Matendo na visababishi ndani ya Prolog

Anza na kalkulasi ya matukio ya Robert Kowalski na Marek Sergot (1986). Andika tu kile ambacho tukio huanzisha au hukomesha: kubonyeza swichi huanzisha mwanga, umeme kukatika huukomesha. Usiorodheshe yasiyobadilika. Kanuni moja yatosha: hali iliyoanzishwa huendelea hadi tukio liikomeshe. Uzuri wote uko hapo.

Kanuni hiyo hutegemea ukanushaji kwa kushindwa, yaani kisichothibitika huhesabiwa si kweli. Tukio ulilosahau kuliandika, kwa programu halikutokea. Hakikisha vigeu vya muda na hali vimepata thamani kabla ya kukanusha, la sivyo Prolog inaweza kukupa jibu lisilo sahihi bila onyo lolote. Ukijibiwa kwamba taa iliyokwisha kuwashwa haiwaki, uliza sharti la ukomeshaji peke yake: litakutajia tukio lililoizima na saa yake.