Skrini ya Kuhariria Picha Safarini

Ndani ya faili la picha hamna rangi, mna namba. Kila nukta ya picha, yaani kila pikseli, imeandikiwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha buluu. Mpiga picha wa harusi aliyetoka Dar es Salaam kwenda Pemba, akakesha chumbani kuhariri ili familia ipate picha chache kabla ya asubuhi, anabadilisha namba hizo kwa kufuata kile anachoonyeshwa na skrini. Skrini ikizidisha buluu, atapunguza buluu kwenye namba, na picha zitakazofika kwenye simu za wakwe na kwenye studio ya kuchapa zitakuwa na umanjano ambao yeye hakuuona hata mara moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya skrini ya kubeba safarini, inafaa tujue kwanza skrini hufanya nini.

Tuanze na jicho. Ukuta wa nyuma wa jicho, retina, una chembe ziitwazo koni, nazo ni za aina tatu. Aina moja husisimka zaidi kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 420, ya pili 530, ya tatu 560. Ubongo hutambua rangi kwa kulinganisha misisimko hiyo mitatu. Thomas Young alilieleza wazo hili mwaka 1802, na mwaka 1861 James Clerk Maxwell akalionyesha mbele ya hadhira mjini London: picha tatu za utepe mmoja, zilizopigwa kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu, zilimulikwa pamoja, na utepe ukaonekana na rangi zake. Karibu skrini zote za leo zinaishi kwa ugunduzi huo. Hazina taa ya manjano hata moja, lakini nyekundu na kijani zikiwaka pamoja huzisisimua koni kwa uwiano uleule ambao mwanga wa manjano ungezisisimua, nasi tunaona manjano.

Sasa, taa tatu zina mpaka. Mwaka 1931, kutokana na majaribio ya David Wright na John Guild nchini Uingereza, ilichorwa ramani ya rangi zote ambazo jicho la binadamu linaweza kuziona. Ziweke taa tatu za skrini juu ya ramani hiyo, uziunganishe kwa mistari, utapata pembetatu. Rangi iliyo ndani ya pembetatu, skrini inaweza kuitoa. Iliyo nje haitatoka, hata ufanye nini kwenye programu. Pembetatu iitwayo sRGB, iliyowekwa mwaka 1996, inafunika takriban asilimia 35 ya ramani, na ndiyo ambayo picha nyingi za mtandaoni hutegemea. Adobe RGB ya mwaka 1998 inafika karibu nusu ya ramani, ikijinyoosha zaidi upande wa kijani na zumaridi, rangi za bahari ya kina kifupi inayopigwa na jua la adhuhuri.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa skrini za safari wanapopotea, kwa sababu boksi huandika kipimo kwa lugha tofauti. Skrini nyingi za bei nafuu zimeandikwa asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha televisheni za Marekani cha mwaka 1953. Ukikigeuza, ni kama theluthi mbili tu ya sRGB. Kanga nyekundu itaonekana imefifia, mhariri ataikoleza, na kwenye simu ya mteja itawaka kupita kiasi. Iliyoandikwa asilimia 72 ya NTSC ina pembetatu yenye ukubwa unaokaribia sRGB nzima, ingawa ukubwa kulingana hauhakikishi kwamba pembe zimeangukia mahali pamoja. Ningechukua ile inayosema wazi asilimia 100 ya sRGB, na kwa kazi za simu, mtandao na albamu za kawaida nisingelipia zaidi ya hapo. Skrini yenye pembetatu pana kuliko hiyo ina faida kwa anayechapa kazi za maonyesho, lakini ikitumiwa na programu isiyosimamia rangi, namba zilezile zitaonekana zimekolea kuliko zilivyo.

Jambo la pili ni vivuli. Ndani ya skrini ya kawaida kuna taa nyeupe nyuma, na mbele yake fuwele za kimiminika zinazogeuzwa na umeme, kama vipande vya dirisha la luva, ili kupitisha mwanga mwingi au mchache. Katika paneli za aina ya TN, fuwele hizo hupitisha mwanga tofauti kulingana na pembe unayotazamia. Inua kichwa kidogo, na kivuli kilichokuwa cheusi kinageuka kijivu. Paneli za IPS, zilizoingizwa sokoni na Hitachi mwaka 1996, huzigeuza fuwele zikiwa zimelala sambamba na kioo, na rangi hubaki karibu ileile ukitazama kutoka ubavuni. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Uso wa mtu mweusi aliyekaa chini ya mwembe una maelezo yake mengi sehemu ya chini ya ngazi ya mwanga: mstari wa taya, mng'ao wa shavu, tofauti kati ya nywele na kivuli kilicho nyuma yake. Paneli inayoyumba hapo itamfanya mhariri aung'arishe uso usiohitaji kung'arishwa, na ngozi itoke ya kijivu. Huko ni kumkosea heshima aliyepigwa picha. Skrini za OLED, ambazo kila pikseli hujiwakia yenyewe, hutoa weusi kamili. Tahadhari yake ni kwamba menyu zisizohama huweza kuacha alama baada ya matumizi ya muda mrefu.

Lakini skrini bora kabisa huharibiwa na mahali ilipowekwa, na hesabu yake ni rahisi. Skrini ya kawaida ya safari hutoa niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa uso unaotazamwa) kwenye nyeupe na robo ya niti kwenye nyeusi, uwiano wa 1,000 kwa 1. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia. Ukuta mweupe kivulini, mchana, penye luksi 10,000 (luksi hupima mwanga unaoangukia kitu), hung'aa kwa niti 2,500 hivi. Skrini inayoutazama ukuta huo itakurudishia niti 100, nazo zinajumlishwa juu ya kila kitu: nyeupe inakuwa 350, nyeusi inakuwa 100. Uwiano wa 1,000 umeshuka hadi 3.5. Ukinunua skrini yenye mwangaza mara mbili, utapata 6 tu. Hamia chumbani usiku, ukuta mweupe ukiwa na luksi 50, na skrini ileile inapanda hadi zaidi ya 300 kwa 1. Uso wa skrini usiong'aa husaidia kuutawanya mwako wa dirisha usikae kama kioo cha kujitazamia, ila mwanga wenyewe bado upo. Geuza skrini isitazame dirisha, wala usivae kanzu nyeupe unapohariri, kwa sababu nayo inarudi kwenye kioo.

Balbu pia ina neno. Nyeupe ya sRGB ni ya mchana, karibu kelvini 6,500, na balbu ya njano ya nyumba ya wageni ni kama 2,700. Jicho likishazoea balbu, skrini sahihi itaonekana ya buluu, na mkono utaanza kuipasha joto picha isiyo na kosa. Weka mwangaza wa skrini kati ya niti 80 na 120, na taa hafifu isiyokupiga machoni. Kisha tumia kolorimita, kifaa kinachoenea mfukoni, ambacho hupima taa tatu za skrini na kuiandikia kompyuta namna ya kuzisahihisha. Ningeinunua kabla ya kuongeza hata inchi moja ya skrini.

Yaliyobaki ni mepesi. Inchi 15.6 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inatosha ukikaa umbali wa sentimita 60. Hakikisha tundu la USB-C la kompyuta yako linapitisha picha, maana mengine hupitisha data na umeme tu. Kumbuka pia kwamba skrini ya wati 8 hula sehemu moja ya saba ya betri ya wati-saa 56 kila saa.

Ukienda dukani, beba kwenye flashi picha moja ya ngazi za kijivu, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ifungue, kisha sogea kushoto, kulia, juu na chini. Ngazi za chini zikimezana, au kijivu kikionyesha waridi upande mmoja na kijani upande wa pili, iache hapohapo dukani hata kama boksi linaahidi rangi bilioni moja.