Wazazi Wanapokwenda Chuoni na Mtoto

Somo: Matendo ya Mitume 18:1-3 na 18:24-28



Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia zenu msome aya hizo polepole. Anayesoma na asomee na wale wasioona vizuri.

Humo tunakutana na mtu na mkewe, Akila na Prisila. Walikuwa wametoka Rumi pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakakaa Korintho wakifanya kazi ya mahema, na baadaye wakahamia Efeso. Huko Efeso akafika Apolo, mtu mzima, msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, lakini elimu yake ilikuwa haijakamilika. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimkaribisha nyumbani, wakamwongezea. Naye hakuona haya kufundishwa na mafundi wa mahema, mmoja wao mwanamke.

Nimechagua habari hii kwa ajili ya wenzetu wanaoondoka hapa Turwa kwenda kusoma wakiwa tayari watu wazima. Sisemi vijana wa kidato cha sita. Nasema mwalimu mwenye miaka thelathini na mitano anayekwenda Dodoma au Mwanza kutafuta shahada, muuguzi anayejiendeleza, mwinjilisti anayekwenda chuo cha Biblia. Mara nyingine huenda mume na mke wote wawili, mtoto akiwa mgongoni.

Jambo hili si geni, na sisi watu wa Mara tungepaswa kulijua kuliko wengine. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma tunalikumbuka zaidi kwa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote iliyotujazia madarasa. Lakini liliamua na jambo jingine: amalizaye kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, angalau miaka miwili. Nia ilikuwa njema, wasomi wasijitenge na wakulima na wafanyakazi. Ila miaka miwili ya kazi yatosha mtu kuoa au kuolewa, na kuzaa. Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ikashuka, na haikupita miaka mingi sharti likalegezwa kwa upande wao. Akili haikuwapungukia. Hakuna aliyekuwa amefikiri mtoto atalala wapi.

Hata leo mabweni mengi ni ya wanaume upande huu na wanawake upande ule. Baba, mama na mtoto hawana chumba. Mkopo wa serikali, kwa anayeupata, umehesabiwa kwa tumbo moja. Basi familia hupanga uswahilini, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati fedha za chuo bado hazijatoka.

Nami nilipita njia hiyo. Nilikuwa nimekwisha kufundisha miaka minane nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu kujiendeleza, nikiwa na mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa miezi saba. Bweni halikupokea watoto. Mkubwa nilimwacha kwa bibi yake, mdogo nikaenda naye. Kasisi wetu aliniandikia barua, mistari minne tu, nami nikampa kasisi wa mji ule siku ya Jumapili. Jioni hiyohiyo nilikuwa nimepata mahali kwa mama mmoja mjane. Yeye alimshika mtoto nikiwa darasani, mimi jioni nikachota maji na kuwafundisha wajukuu wake hesabu. Kodi alipokea nusu.

Yule niliyemwacha, niliporudi Desemba, alijificha nyuma ya bibi yake akauliza, "Bibi, huyu mgeni atalala kwetu?" Hakuna wa kulaumiwa. Mama mkwe wangu alimlea vizuri, pengine kunishinda mimi. Lakini swali lile bado nalisikia.

Ndiyo maana watu wakiniuliza kama mtoto aende au abaki, sijibu haraka. Maandiko hayakutoa amri. Timotheo alirithi imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Hana alimwacha Samweli Shilo, lakini kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea (1 Samweli 2:19), na mshonaji hushona kwa kipimo. Maana yake alijua mtoto amekua kiasi gani. Maoni yangu ni kwamba anyonyaye aende na mama yake, hata kwa shida. Aliye shuleni, na anaye bibi mwenye nguvu, aweza kubaki, lakini wazazi wote wawili wasipitishe muhula mzima bila kuja kumwona. Simu zipo, ila mtoto wa miaka mitatu hakumbatii simu. Tena bibi asiachiwe mtoto bila fedha ya sabuni. Nimeona bibi akiuza kuku mmoja mmoja kwa ajili ya madaftari, na mwanawe huko chuoni anadhani elimu ni bure. Ada ilifutwa, sare na madaftari havikufutwa.

Anayekwenda na mtoto achukue kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo, na barua ya uhamisho kutoka kwa mwalimu mkuu ikiwa mtoto yuko shuleni. Mmoja wa wazazi atangulie kutafuta chumba, kiwe karibu na shule ya mtoto kuliko chuo; mtu mzima atatembea. Mtoto aliyezoea Kikuria tu atanyamaza majuma kadhaa huko ugenini. Asichapwe kwa sababu hiyo.

Na akina baba, nisameheni. Kwetu mwanamume anayemfuata mkewe chuoni na kupika uji wa ulezi huchekwa kilabuni mpaka jina lake linabadilishwa. Lakini someni tena aya ya 26: Prisila ametajwa kwanza, na Akila hatusikii akinung'unika.

Sisi wa Tarime nasi ni wenyeji, kwa kuwa mji wetu una Chuo cha Ualimu. Jumapili wanachuo huketi benchi la nyuma, na ibada ikiisha huondoka upesi. Baadhi yao wamewaacha watoto mbali.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika Umoja wa Akina Mama:

Ni nani aliyeondoka katika parishi yetu mwaka huu kwenda kusoma, na alipewa barua ya kasisi?

Mtoto wake yuko wapi leo, na ni nani amekwenda kumtazama?

Nyumbani kwako, au kwa jirani yako wa kanisani, kuna chumba kinachokaa kitupu?