Somo: Uliona, Ukanyamaza

Maandiko ya kusoma mbele ya kuanza: Mambo ya Walawi 5:1, Kutoka 22:1-4, Mezali 6:30-31, Matendo ya Mitume 7:54-60.



Amri inayokataza wizi tunaijua tangu utoto, na mahubiri juu ya mwizi tumeyasikia mengi. Leo tumuache mwizi pembeni kidogo, tumwangalie yule anayesimama na kutazama. Katika wizi mdogo wa sokoni mwizi ni mmoja, mwenye mali ni mmoja, lakini walioona wanaweza kuwa kumi. Hao kumi ni sisi.

Nitaanza na mimi mwenyewe, maana shemasi asijifiche nyuma ya Biblia. Siku moja ya soko hapa Bengamisa, nilisimamisha kinga yangu kando ya barabara ya Buta, nikaingia kununua chumvi. Kwenye meza ya sabuni alikuwa msichana mdogo aliyewekwa na mwenye meza kumlindia biashara. Alipogeuka kumrudishia mtu mmoja baki ya franka, mama mmoja aliyevaa kitambaa kizuri alichukua vipande viwili vya sabuni na kuvitia kikapuni, chini ya sombe. Nilimwona. Papa aliyesimama karibu yangu alimwona pia. Tuliangaliana sisi wawili, kisha kila mmoja akaangalia upande wake. Mama akaenda zake polepole, hata salamu alitupa.

Kwa nini nilinyamaza? Nilijiambia mengi: sabuni si yangu; papa huyu ni mkubwa kuliko mimi, akinyamaza yeye mimi ni nani; pengine amekwisha kulipa na sikuona. Lakini ukweli wenyewe niliutambua baadaye. Nguo ya yule mama ilinifunga mdomo. Kama angekuwa mtoto mwenye kaptula iliyopasuka, ningepiga kelele.

Jioni hesabu ya meza haikutimia. Msichana akaambiwa ni yeye aliyekula vile vipande viwili. Nilipata habari hii karibu wiki tatu nyuma, kwa midomo ya watu. Nilikwenda kwa mwenye meza, nikamwambia nilichoona, nikalipa bei ya sabuni. Aliniuliza neno moja tu: «Siku ile ulikuwa wapi, shemasi?» Msichana alikuwa amekwisha kurudishwa kwao kijijini, na jina la mwizi juu yake.

Sasa tusome Walawi 5:1. Sheria ya Musa inasema juu ya mtu aliyeona jambo au kulijua, akasikia wito wa kushuhudia, naye asiseme: atauchukua uovu wake. Angalieni vizuri, hapo hakuna neno juu ya bei ya kitu. Vipande viwili vya sabuni ni kidogo, lakini ushuhuda niliouficha ulikuwa na bei ya heshima ya mtoto wa watu. Na Mezali 29:24 inaongeza kwamba anayesikia wito huo na kufunga mdomo amejifanya mwenzi wa mwizi.

Wanazuoni wa ulimwengu nao wamelichunguza jambo hili, na ni vizuri tujue walichokuta. Huko Marekani, mwaka 1973, wachunguzi wawili, Steffensmeier na Terry, walipanga watu wajifanye wanaiba madukani mbele ya wanunuzi wengine. Mmoja alivaa nguo safi za heshima, mwingine alivaa ovyo. Wanunuzi walikuwa wepesi zaidi kumshitaki yule wa nguo mbaya, ingawa kosa lilikuwa lile lile. Basi ugonjwa wangu si wangu peke yangu. Mtume Yakobo aliuandika zamani, sura ya 2, juu ya mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo chafu.

Mwaka 1975 mwingine, Thomas Moriarty, alifanya jaribu kando ya bahari karibu na New York. Mtu aliacha radio yake mchangani na kuondoka. Kisha mwingine akaja kama mwizi, akaichukua. Pale ambapo mwenye radio alikuwa amemwomba jirani yake, «Niangalilie vitu vyangu», watu 19 kati ya 20 walisimama kumzuia mwizi. Pale ambapo hakuomba kitu hicho, alimsemesha jirani neno lingine tu, walisimama 4 kati ya 20. Wandugu, tofauti ile imetoka wapi? Watu wa pwani ni wale wale. Neno dogo la kuombwa ndilo liliwageuza kutoka watazamaji kuwa walinzi. Kwa hiyo mama zetu wanaouza, msione haya. Ukienda kujisaidia, usiseme tu kwa hewa «ninakuja». Mtaje jirani kwa jina: «Mama fulani, meza yangu iko mkononi mwako.» Na wewe uliyeombwa, ujue umepokea kazi.

Lakini kuna upande wa pili, na huo unanitisha zaidi kuliko kunyamaza. Ni kelele. Mtu mmoja akipaza sauti «Mwizi!», wale wale walionyamaza wanapata nguvu ghafula. Mwenye fimbo, mwenye jiwe, mwenye tairi. Hakuna anayeuliza ameiba nini, wala kama ni yeye kweli. Katika miji yetu watu wamekufa hivyo, kwa simu, kwa kuku, na wengine hawakuiba kitu. Someni Kutoka 22. Mwizi akipigwa usiku akivunja nyumba, akafa, mwenye nyumba hana damu juu yake. Lakini jua likiwa limechomoza, iko damu. Mchana unaona uso wake, unaweza kumshika bila kumuua. Adhabu yake pale ni kulipa. Soko letu ni la mchana.

Na usiseme «mimi sikupiga, niliangalia tu». Stefano alipouawa kwa mawe, kijana mmoja hakutupa hata jiwe moja. Alilinda nguo za waliotupa. Miaka mingi nyuma, katika Matendo 22:20, Paulo huyo huyo alikuwa bado anaikumbuka siku ile na kujihesabia.

Wakubwa kati yetu wanakumbuka pia Septemba 1991, wakati wa Mobutu. Askari wa Kinshasa wasiotosheka na mishahara walianza kupora maduka na maghala, na jambo likaenea katika miji mingine. Raia walisimama kwanza kutazama. Kisha mmoja akaokota kitu kilichoanguka, mwingine akaona wenzake wanabeba, na kabla ya jioni watazamaji walikuwa na magunia kichwani. Mwaka 1993 likarudi tena. Viwanda vikafungwa, kazi zikapotea, na waliobeba gunia walilia njaa pamoja na wasiobeba. Kutazama si mahali pa kukaa siku nyingi. Mtu anavutwa upande mmoja au mwingine.

Basi tufanye nini? Nimezoea sasa kusema mapema na kwa sauti ndogo, kitu kikiwa bado karibu na meza. «Mama, nafikiri umesahau kulipa sabuni.» Neno hili linamwachia njia ya kurudi. Atasema, «Oo, kweli, nimesahau,» na atalipa au atarudisha, na hakuna aliyepigwa. Nimelijaribu mara mbili. Mara moja nilitukanwa, lakini kitu kilirudi mezani.

Ikiwa mwizi anakimbia na anashikwa, sheria ya inchi inasaidia. Amri ya 1959 juu ya mashitaka inamruhusu raia yeyote, kwa kosa zito linaloonekana kwa macho na ofisa akiwa hayupo, kumshika mtu na kumpeleka mara moja kwa ofisa aliye karibu. Wizi unaingia hapo, kwa sababu adhabu yake inaweza kufika miaka 5 ya kifungo. Sheria inasema kumshika na kumpeleka. Kumpiga haimo. Ninajua mnachotaka kunijibu: ukienda kwa polisi kama shahidi utapoteza siku nzima, na pengine utaombwa pesa ya karatasi. Ni kweli, inatokea. Tuende wawili au watatu, kama Kumbukumbu la Torati 19:15 inavyotaka mashahidi. Mtu mmoja ni rahisi kumchosha.

Na mwenye njaa? Mezali 6:30 inasema watu hawamdharau mtu aliyeiba kwa kushiba tumbo lake, ingawa mstari unaofuata unamtaka alipe. Musa aliruhusu mpita njia kula zabibu za jirani mpaka ashibe, ila asitie katika chombo chake. Mtoto akinyakua ndizi na kuila pale pale, mtoe franka ulipe, kisha umuulize amelala wapi. Mara nyingi jibu lake litakuwa ndilo somo lako la siku ile.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi siku ya Jumatano: Je, kuna mtu anayebeba jina baya kwa sababu wewe ulinyamaza? Anakaa wapi sasa, na nani atakusindikiza kwake? Wenye meza sokoni waseme pia: upungufu wa hesabu unapotokea, ni nani unayemkata, na umeuliza nani kwanza?

Mimi bado sijafika kijijini kwa yule msichana. Ni mbele, upande wa Banalia. Ndugu mmoja wa kwaya amekubali twende pamoja kwa kinga mvua ikipungua.