Kupogoa Msimbo: Istilahi za Kompyuta na Shamba la Majani Chai Kisii na Nyamira

Utangulizi

Maagizo ya programu hufika kwa kompyuta kupitia mfumo tekelezi, yaani sehemu inayoyaendesha, kuyagawia kumbukumbu na kutoa onyo penye kosa. Mfumo huo pamoja na maktaba yake huzeeka, na watunzaji hulazimika kuondoa sehemu zilizopitwa na wakati. Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kuitaja kazi hiyo bila kuvuruga maana.

Tatizo la kitenzi "kufuta"

Chukua mfano wa lugha ya Python. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 liliondoa moduli 19 za maktaba sanifu, zikiwamo cgi na telnetlib. Moduli hizo hazikuondolewa kwa ghafla. Katika toleo la 3.11 la mwaka 2022 zilikuwa zimekwisha kutangaziwa mwisho wake, lakini ziliendelea kufanya kazi. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba "zilifutwa" hatambui kipindi hicho cha onyo, na ndicho kinachompa mwenye programu nafasi ya kuirekebisha kabla haijakwama.

Msamiati wa shambani

Mkulima wa chai wa Kebirigo, Tombe au Nyamache hutofautisha kazi tatu. Kupalilia ni kuondoa magugu, ambayo hayakupandwa. Kupogoa ni kukata matawi yaliyokwisha kutoa mavuno, kila baada ya miaka mitatu au minne hivi, ili kichaka kisipite kimo cha mchumaji. Kung'oa ni kutoa mche wenyewe ili upandwe mwingine.

Katika kompyuta, kusahihisha makosa ni kupalilia, na kuondoa msimbo uliowahi kufaa ni kupogoa. Python 2 iling'olewa: utunzaji wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka 11 baada ya Python 3 kutolewa Desemba 2008. Msimbo ulio katika kipindi cha onyo waweza kuitwa "msimbo uliotangaziwa kupogolewa."

Sitiari hii ina mpaka wake. Chai huchipua tena palipokatwa, ilhali moduli iliyoondolewa haichipui. Hata hivyo, gharama inalingana. Baada ya kupogoa, mkulima hukosa mavuno kwa miezi kadhaa. Vivyo hivyo, mwenye programu ya zamani huingia kazi ya kuiandika upya. Asiyepogoa naye hulemewa na msimbo usio na mtunzaji, ambao kasoro zake za usalama hazizibwi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hitimisho

Waunda istilahi wasikimbilie kutohoa kabla ya kusikiliza wakulima. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenganisha kosa, uzee na mwisho. Kuvichanganya ni kumnyima msomaji onyo analolihitaji.