Ghala limejaa, damu imepungua

Maswali ya akina mama wa Kitale na Bungoma kuhusu uzito na chakula, na majibu ya mtaalamu wa lishe.

Daktari, sisi wa Trans Nzoia ndio tunaolisha nchi. Inakuwaje tuambiwe tuna utapiamlo?

Mahindi hushibisha, mama, lakini peke yake hayatoshi kuujenga mwili. Anayekula ugali mchana na usiku kwa mboga kidogo, akashushia chai ya sukari, halali njaa, ila damu yake inaweza kuwa imepungua. Kuna jambo hapa linaloniuma. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga wa pakiti. Mahindi yako unayopeleka mashine ya mtaani hayaongezwi kitu. Ukiyakoboa ili ugali uwe mweupe, sehemu kubwa ya virutubisho vyake huondoka na pumba, na pumba hizo analishwa ng'ombe. Mkulima aweza basi kula unga hafifu kuliko wa yule aliyemuuzia mahindi. Saga bila kukoboa.

Tazama pia majira. Mavuno ya Kitale huingia kuanzia Oktoba. Januari karo inadaiwa, magunia yanauzwa kwa bei ya chini, na kufikia Juni nyumba nyingi zinanunua mahindi kwa bei ghali. Kabla ya hapo kuna palizi, na anayeinama na jembe mara nyingi ni mwanamke. Nguvu zinamtoka kwa wingi wakati ambapo sahani inapungua, naye ndiye anayepakua chake mwisho.

Mimi nina kilo 84. Habari za utapiamlo zinanihusu nini?

Zinakuhusu sana. Gawanya uzito wako kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Kwa mtu wa mita 1.58, kilo 84 hutoa karibu 34. Kati ya 18.5 na 25 ndiyo afya. 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Huyo wa kilo 84 anaweza pia kukosa damu, kwa sababu mafuta ya kupikia, sukari na mandazi huongeza kilo bila kuleta madini ya chuma.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa Kenya wamezidi uzito, na 9 kati ya 100 wamekonda kupita kiasi. Ule wa 2022 ulikuta waliozidi uzito wamefika karibu 45 kati ya 100, miongoni mwa wenye miaka 20 hadi 49. Pima kiuno pia: kikipita sentimita 80, anza kuangaliwa presha na sukari. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu anaweza kukuanzishia.

Nikipungua, majirani watasema nina ugonjwa.

Najua, na neno hilo linaumiza. Miaka ya Ukimwi ilituzoesha kuuogopa wembamba. Lakini presha na kisukari huanza kimya, na jirani hatakubebea dawa za magonjwa hayo. Punguza taratibu: anza na sukari ya chai, kisha mafuta ya kukaangia. Ukipungua bila kujaribu, hapo nenda hospitali upimwe, hasa kifua kikuu.

Binti yangu ana mimba na amekonda sana.

Mpeleke kliniki wiki hii. Watamzungushia mkononi utepe wa kupimia. Chini ya sentimita 21 anahitaji msaada wa lishe. Vidonge vya madini ya chuma na folati hupewa bure. Vikimtia kichefuchefu, ameze usiku baada ya kula, asiviache.

Tule nini, na pesa hakuna?

Managu, saga, mrenda na kunde hustawi nyuma ya nyumba. Ongeza maharage, au omena kiganja kimoja. Ndimu au pera pamoja na mboga husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma. Chai huyazuia, kwa hiyo inywe saa moja au zaidi baada ya chakula.

Mayai yakienda yote sokoni Chwele, nyumba imebaki na nini? Bakizeni machache, na mama naye ale. Hapa nasema na waume wa Bungoma pia: shamba likijaa miwa, mboga zitaota wapi? Muwa huchukua mwaka na nusu hivi kukomaa, na mkeo anakula leo. Mtengee kipande cha bustani karibu na maji, na pesa za miwa zikiingia, pangeni bajeti ya chakula mkiwa wote wawili.