SOMO LA KILIMO: KUZUIA WADUDU WA NAFAKA PASIPO SUMU, MBULU NA HANANG

Wilaya za Mbulu na Hanang, zilizokuwa katika Mkoa wa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, ni majirani wasiofanana hali ya hewa. Nyanda za juu za Mbulu, wakaako Wairaqw, ni za baridi. Tambarare za Basotu wilayani Hanang, maarufu kwa ngano, zina joto zaidi. Hata hivyo chakula cha nyumba nyingi ni mahindi, nayo yakivunwa katikati ya mwaka hutakiwa yafike mavuno yanayofuata. Familia iogopayo wadudu huuza mapema kwa bei ya chini, kisha hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu miezi michache baadaye.

Adui mkubwa ghalani ni dumuzi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Katika Afrika Mashariki alionekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akatambuliwa rasmi mwaka 1981, na wananchi wakampa jina la Skania, kwa mfano wa malori makubwa. Uchunguzi wa miaka hiyo ya mwanzo ulionyesha kuwa mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake kwa miezi mitatu hadi sita yaliweza kupoteza mpaka asilimia 34 ya uzito wake. Katika gunia la kilo 100 hiyo ni kilo 34 za vumbi. Huyu si fukusi wa kawaida. Huweza kuishi katika nafaka kavu sana, hutoboa mbao, na hula makopa ya muhogo kwa hamu ile ile alayo mahindi, jambo ambalo msomaji wa visiwani hana budi kuliangalia naye. Kwenye joto la nyuzi 32 na unyevu mwingi hewani, yai lake huwa mdudu kamili kwa muda wa siku 25 hivi. Baridi humchelewesha, kwa hiyo mkulima wa Mbulu juu ana nafuu ambayo mwenzake wa bondeni hana. Nafuu si kinga.

Kampeni ya miaka ya 1980 iliwataka wakulima wapukuchue mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga. Ushauri ule ulikuwa na sehemu mbili, na wengi wameshika ile ya dawa tu. Kupukuchua kwenyewe ni kinga. Dumuzi hutoboa vizuri penye punje zilizoshikana imara, kama zilivyo kwenye gunzi. Punje zilizo huru husogea anapozisukuma, naye hukosa pa kujikita. Mkulima aliyezoea kuning'iniza magunzi juu ya moshi wa jiko asidharauliwe, kwa kuwa moshi hukausha na kufukuza wadudu wengi. Lakini njia hiyo huwezekana kwa mbegu na akiba ndogo, si kwa magunia kumi.

Baada ya kupukuchua, mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasianikwe ardhini. Ukavu hupimwa kwa chumvi: chumvi kavu na punje chache hutiwa katika chupa kavu ya kioo, chupa hufungwa na kutikiswa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Jaribio hili si kipimo cha maabara, maana chumvi huanza kuganda unyevu ukizidi asilimia 15, hali mahindi ya kufungiwa yatakiwa yawe chini ya 13.5, basi hata chumvi isipoganda, siku moja au mbili zaidi za jua hazidhuru.

Mahindi makavu na safi hutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo humaliza hewa safi kwa kupumua kwao wenyewe, huacha kula, kisha hufa. Mfuko ufungwe kwa kubanwa sana na usifunguliwe kila siku. Chakula cha wiki kiwekwe pembeni. Dumuzi huweza kutoboa plastiki, hivyo mfuko ukaguliwe kabla ya kutumiwa tena. Majivu yaliyochekechwa husaidia zaidi dhidi ya fukusi; kwa dumuzi pekee hayatoshi.

Kihenge kisafishwe kabla ya mavuno, na masalio ya mwaka jana yaondolewe yote. Nguzo zenye matundu zibadilishwe, kwa maana dumuzi hukaa ndani ya mti mkavu akingoja.

Shambani yuko bungua, atoboaye mabua. Yule wa nyanda za juu hulala ndani ya bua wakati wote wa kiangazi na kutoka kuwa nondo mvua zinapoanza. Kuchoma mabua humwua, lakini hunyima ng'ombe malisho na udongo mbolea, na nyumba ya Mbulu isiyo na ng'ombe ni chache. Ni afadhali mabua yalazwe juani wiki kadhaa kabla ya kulishwa au kurundikwa. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Tanzania mwaka 2017, huokotwa kwa mkono mahindi yakiwa machanga, na wakulima wengine hutia mchanga au majivu katika moyo wa mmea.

Katika magharibi ya Kenya, tangu miaka ya 1990, taasisi ya ICIPE na wenzake wamewafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo, mabingobingo humvuta atagie huko, na viwavi wengi hufa katika utomvu wake. Majani yote mawili hulishwa ng'ombe wa zizini, ufugaji ambao Wairaqw waliuzoea zamani. Desmodiamu huota polepole: mwaka wa kwanza hudai palizi ya mkono na uangalifu, na mbegu yake hupandwa mvua za kwanza zinapotulia, pamoja na mahindi.